Saa Saba Mchana, Kasri la Lobkowicz

Prague ina muziki mwingi, na ule hafifu ndio unaomfuata mgeni barabarani. Ukikatiza Mji Mkongwe alasiri yoyote utazuiwa njia na vijana wenye makaratasi ya matangazo, wakikuuzia kiti cha jioni hiyohiyo kanisani: Misimu Minne ya Vivaldi, kipande cha Mozart, Ave Maria, basi. Programu ni karibu ileile kanisa hadi kanisa. Makanisa yenyewe ni mazuri, lakini sauti humo hupanda darini ikarudi imechanganyika, na majira ya baridi utakaa saa nzima umejikunyata ndani ya koti. Wapite. Pumzika usiku huo, na kesho yake uwe ngomeni kabla ya saa saba mchana. Saa hiyo watu watatu, mwenye filimbi, mwenye viola na mwenye piano, hukutana chini ya dari ya karne ya 17 katika Kasri la Lobkowicz na kupiga kwa muda wa saa moja hivi. Mjini humo sijaona tamasha jingine la wageni linalompa msikilizaji mengi kiasi hicho, ila kwa sharti moja: uwe umeingia ndani ya nyumba hiyo tangu asubuhi.

Sharti hilo nitalifikia. Tuanze na tiketi, maana hapo ndipo wengi wanapoumia.

Ngome ya Prague ina kanisa kuu, kasri la zamani la wafalme, vichochoro na makumbusho, na tiketi yake ya jumla inafungua milango kadhaa. Mlango wa Lobkowicz haumo. Watu hufika pale na tiketi yao mkononi, wakaambiwa walipe upya, wakanuna. Sababu ni kwamba hilo ndilo jengo pekee ndani ya ngome lililo mali ya familia binafsi, na familia yenyewe ililipata tena kwa taabu: Wanazi waliwanyang'anya mwaka 1939, wakarudishiwa baada ya vita, Wakomunisti wakawanyang'anya tena mwaka 1948, na kasri halikurudi mikononi mwao hadi 2002. Walilifungua kwa umma mwaka 2007. Paa na picha za humo zinatunzwa kwa mapato ya mlangoni, kwa hiyo pesa hiyo mimi huilipa kwa moyo mweupe.

Halafu kuna tiketi mbili, ya muziki na ya makumbusho, na ya muziki peke yake haikupandishi kwenye vyumba vya makumbusho. Omba ya pamoja. Bei yake hupungua ukilinganisha na kununua moja moja. Nunua kwenye tovuti ya kasri au mlangoni kwao. Mapokezi ya hoteli niliyofikia yalinitajia kiti kilekile kwa bei iliyonishangaza, na walipoulizwa nyongeza ni ya nini wakasema ni huduma. Huduma yenyewe ilikuwa kupiga simu.

Pesa nayo ina mambo yake. Cheki imo katika Umoja wa Ulaya lakini inatumia koruna, na mwenye duka akikubali euro yako jua anakupangia bei anayotaka yeye. Vibanda vya kubadilishia fedha katikati ya mji huandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna kamisheni. Ni kweli hawakukati kamisheni, lakini kiwango chao ni kibovu kiasi cha kula sehemu nzuri ya pesa yako. Kiwango kinachopendeza ubaoni mara nyingi ni kile wanachonunulia wao koruna, au ni cha anayebadilisha fungu kubwa. Kabla hujatoa noti, muulize aliye dirishani atakupa koruna ngapi mkononi, akuandikie kwenye karatasi, nawe ulinganishe na kiwango cha siku kwenye simu yako. Akisitasita, ondoka. Ukishaingizwa mkenge bado una nafasi: tangu mwaka 2019 sheria ya Cheki inakupa saa tatu za kurudi na risiti na kuvunja muamala, mradi hauzidi thamani ya euro 1000. Wengi wa wenye vibanda hawatakukumbusha haki hiyo, kwa hiyo usitupe risiti. Anayekufuata mtaani akinong'ona kwamba ana kiwango kizuri, huyo usimjibu hata salamu. Noti atakazokupa huwa za nchi nyingine, au zilishaondolewa kwenye mzunguko, na hutazijua kwa macho.

Mashine za kutolea fedha zina mtego wao. Itakuuliza kama unataka ukatwe kwa sarafu ya kwenu au kwa koruna, tena kitufe cha sarafu ya kwenu wamekifanya kiwe ndicho kinachovutia jicho. Chagua koruna kila mara, na tumia mashine iliyo kwenye ukuta wa benki yenyewe. Zile zilizosimama peke yake kando ya maduka ya zawadi ziache.

Njia ya kwenda. Takriban kila kijitabu kinakuelekeza upande tramu namba 22 hadi kituo cha Pražský hrad, na ni kweli njia hiyo haina mlima. Lakini 22 ndiyo tramu ya watalii wote, na wezi wa mifukoni wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Begi liwe kifuani, simu isikae mfuko wa nyuma. Tena ukishuka hapo umeingilia upande wa pili kabisa wa ngome. Itakubidi uvuke ua, uzunguke kanisa kuu lenye msongamano, kisha uteremke mtaa wa Jiřská wote ndipo ufike. Mwenye miguu mizima apite upande wa mashariki. Panda treni ya chini ya ardhi, mstari A wa kijani, ushuke Malostranská, kisha ukwee Ngazi za Zamani za Kasri, Staré zámecké schody. Ni ngazi ndefu, za mawe, zenye mteremko wa wastani, na mji unajifunua nyuma yako kadiri unavyopanda. Juu kuna geti lenye askari, na hatua chache mbele, mkono wa kushoto, ndilo kasri. Kwa mzee au mwenye magoti mabovu tramu bado ni bora, ila atenge nusu saa ya ziada.

Tiketi ya usafiri ya karatasi ni lazima uigonge muhuri kwenye kile kimashine cha njano mwanzoni mwa safari, mara moja tu. Bila muhuri ni sawa na kutokuwa nayo. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia, hujitambulisha kwa beji, na kilio cha ugeni hakijawahi kuwalainisha.

Sasa lile sharti. Makumbusho hufunguliwa saa nne asubuhi. Fika saa hiyo, chukua kifaa cha kusikiliza maelezo, ambacho kinakuja na tiketi na sauti zilizomo ni za wanafamilia wenyewe, upande juu. Vyumba vya sahani na bunduki vipite upesi. Simama kidogo mbele ya mavuno ya nyasi ya Bruegel ya mwaka 1565, mchoro mmoja kati ya mitano iliyosalia ya mfululizo wake wa majira. Mitatu iko Vienna na mmoja New York. Utazame wale wanawake watatu wanaotembea na reki begani, mmoja amegeuza uso anakutazama wewe. Kisha nenda kwenye chumba cha muziki na ukae humo muda wote uliobaki.

Humo mna ala za zamani na karatasi za muziki, na karatasi hizo ndizo zilizonifanya niandike mwongozo huu. Kuna Masihi ya Handel jinsi Mozart alivyoipangia ala upya. Kuna nakala za Simfoni ya 4 na ya 5 za Beethoven. Inama juu ya kioo uangalie wino: karatasi hizi ziliandikwa ili watu wapige muziki usiku ule, wala hakuna aliyefikiri zitakuja kuwekwa kiooni.

Aliyezikusanya ni Mwanamfalme Joseph Franz Maximilian Lobkowicz (1772–1816), wa saba katika cheo hicho. Alikuwa na okestra yake mwenyewe, akaitunza hadi ikamfilisi. Beethoven alimtunukia kazi nyingi: kwartet sita za opus 18, Simfoni ya 3 inayoitwa Eroica, na ya 5 na ya 6 kwa ushirika na mfadhili mwingine, Razumovsky. Mwaka 1809, Beethoven alipoitwa kwenda kufanya kazi Kassel, matajiri watatu walikubaliana kumlipa florini 4000 kwa mwaka ili asiondoke Vienna: Kinsky 1800, Rudolph mdogo wake Kaizari 1500, na Lobkowicz 700. Haukupita muda mrefu thamani ya pesa ya Austria ikaporomoka, na madeni yakamwelemea Lobkowicz hata mali zake zikawekwa chini ya wasimamizi. Beethoven akalazimika kudai.

Ukisikia mtembeza wageni anasema Eroica ilisikika mara ya kwanza hapa ngomeni, usimsadiki. Ilijaribiwa mwaka 1804 katika kasri jingine la mwanamfalme huyuhuyu, lililoko Vienna, ambalo leo ni makumbusho ya tamthilia. Prague ndiko ziliko karatasi, na kwangu hilo latosha.

Ukishuka kutoka chumba hicho ukaketi ukumbini, muziki unakuja tofauti. Ukumbi si mkubwa, dari imejaa picha na nakshi za plasta. Ingia robo saa kabla ukae mbele kadiri tiketi yako inavyoruhusu, upande wa kushoto ukitaka kuona vidole vya mpiga piano. Kutoka safu za mbele unasikia mpiga filimbi akivuta pumzi kabla ya kila sentensi ya muziki, unaona mwenye viola akimpa mwenziwe ishara kwa nyusi. Kanisani, nyuma ya nguzo, vitu hivyo havipo.

Nina lawama moja juu ya programu. Ni mchanganyiko wa vipande vinavyojulikana, majina kama Bach, Vivaldi, Mozart, Beethoven, Smetana na Dvořák, na baadhi viliandikwa kwa okestra nzima, hapa vimepunguzwa vitoshe watu watatu. Mpenzi wa klasiki aliyezoea kazi nzima kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya mwisho atahisi anaonjeshwa tu. Ningependa siku moja wapige kwartet kamili ya opus 18, katika nyumba ya mtu aliyetunukiwa. Lakini viola, ala ambayo kwenye okestra hufunikwa, hapa inasikika waziwazi, na hilo peke yake linastahili safari. Kwa anayesikia muziki huu mara ya kwanza, na kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea, saa moja ya mchana ni kipimo kizuri.

Adabu za humo zinahitaji neno moja kwa watu wa kwetu. Kwenye taarab utamu ukikukolea unainuka, unakwenda mbele kumtunza mwimbaji wimbo ukiendelea, na hiyo ndiyo heshima. Taarab yenyewe, kwa simulizi za Zanzibar, ilianzia kasrini kwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Lobkowicz unakaa kimya mpaka kipande kiishe, hupigi makofi kwenye mapumziko mafupi yaliyo katikati ya kipande, na simu inazimwa kabisa. Kama huna hakika kimekwisha, subiri wapigaji washushe mikono. Suti hailazimiki, nguo safi na viatu visivyoteleza juu ya mawe ya ngomeni vinatosha.

Yapo mambo ambayo siku hiyo uyaache kabisa. Kubadilishana kwa walinzi saa sita mchana kwenye geti kuu ni umati ukitazama migongo ya umati, na kutakuchelewesha. Kichochoro cha Dhahabu, ambako Kafka aliandikia katika nyumba ya dada yake kuanzia 1916 hadi 1917, leo ni msururu wa vibanda vya zawadi unaoulipia kuingia. Saa ya Falaki ya mwaka 1410 huko Mji Mkongwe ni kazi ya ajabu ya mafundi, lakini onyesho la mitume linaisha upesi huku wezi wakifanya kazi chini ya nyuso zilizotazama juu. Ipitie asubuhi mapema, usisubiri mlio. Na ule mkate wa sukari uliozungushwa kijitini, trdelník, unaouzwa kila kona kama urithi wa Wacheki, wenyeji watakwambia waliukuta umeletewa watalii.

Chakula ule kabla, kama saa tano na nusu, au vumilia hadi tamasha liishe. Mkahawa wa kasri una baraza inayotazama mapaa mekundu ya mji. Bei yake ni ya ngomeni, ila kahawa moja hapo haitakuumiza. Ukiteremka mjini, kikapu cha mkate usichoagiza kikiwekwa mezani uliza kama kinalipiwa kabla hujagusa, kwa sababu mara nyingi kinalipiwa.

Na kama masikio bado yana hamu, shuka zile ngazi hadi Malostranská, panda 22 ya kwenda katikati na ushuke Hellichova. Karibu na hapo, mtaa wa Karmelitská, kuna Makumbusho ya Muziki ya Cheki, ndani ya lililokuwa kanisa la Maria Magdalena. Huko vinanda na fidla zina nafasi ya kutosha, na watalii ni wachache.