NAMBA ILIYOMSHINDA BWANA FERMAT

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za namba moja kubwa, nayo ni 4,294,967,297. Yaani milioni 4,294, elfu 967, na 297.

Kwanza yatupasa kujua maana ya namba tasa. Twaa punje 12 za mahindi: zaweza kupangwa safu 3 za punje nne nne, au safu 2 za punje sita sita. Lakini punje 13 hazikubali. Ama zitakaa safu moja, ama kila punje peke yake. Basi 13 ni namba tasa, kwa kuwa haigawanyiki sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Sasa twaa 2, uizidishe kwa yenyewe, upate 4. Tena 4 kwa yenyewe, upate 16. Vivyo hivyo hata 256, na 65,536, na 4,294,967,296. Kila moja, pamoja na ile 2 ya kwanza, iongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257, 65,537, na mwisho namba yetu kubwa.

Pierre de Fermat, hakimu wa mji wa Toulouse katika Ufaransa, aliona kuwa tano za kwanza zote ni tasa. Mwaka 1640 aliandika katika barua zake kwamba aamini na zinazofuata zote ni tasa, ingawa alikiri kuwa hajapata njia ya kulithibitisha neno hilo.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwuliza Leonhard Euler juu ya jambo hili. Euler alikuwa mtu wa Uswisi aliyefanya kazi katika mji wa St. Petersburg, Urusi. Mwaka 1732 akatoa jawabu: namba ile si tasa, kwani yagawanyika kwa 641.

Mtu akijaribu namba tasa moja moja tangu 2, hufika 641 baada ya kugawanya mara 116. Lakini Euler alionyesha baadaye kwamba kila kigawanyo tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Ajuaye kanuni hiyo hugawanya mara tano tu.

Waalimu na wawaandikie wanafunzi ubaoni:

6,700,417 × 600 = 4,020,250,200
6,700,417 × 40 = 268,016,680
6,700,417 × 1 = 6,700,417
Jumla = 4,294,967,297

Hata leo, baada ya 65,537, haijapatikana namba nyingine ya jamii hii iliyo tasa.

Basi tujifunze: mifano mitano iliyo sawa haithibitishi wa sita. Fermat alikuwa bingwa wa hesabu, lakini sifa zake hazikuweza kuigeuza namba. Vivyo hivyo, tuletewapo hesabu ya fedha au ya magunia, tusiikubali kwa sababu ya jina la aliyeiandika, wala kwa sababu zilizotangulia zilikuwa sahihi. Tuijumlishe wenyewe.