Mafunzo Niliyopata: Mgwisho, Majivu na Chungu cha Siku Tatu

Jioni hapa Bulambika, Bunyakiri, mashariki mwa Kongo, huwa nawachezesha vijana wa mtaa michezo ya hadithi: kila mmoja anakuwa mhusika, kete zinaamua bahati yake, na mimi mzee natunga vitu vya ajabu vya kuokota njiani. Najua nawe unatunga mchezo wako, basi sikia haya.

1. Kitu kinachoweza yote huua mchezo

Cha kwanza nilichotunga kilikuwa upanga unaokata chochote. Nilijiona bingwa. Kijana aliyeupata alimaliza joka, akamaliza mfalme, akakata mlima, kisha akaniuliza kama bugali imeiva. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa hata haijachemka. Mchezaji asiyezuiwa na chochote hana sababu ya kufikiri.

2. Chungulia mfuko wa Mwindo

Nilikuwa nasaka mawazo katika Dungeons & Dragons, mchezo wa Wamarekani wa mwaka 1974, na kumbe majirani zetu Wanyanga wa Walikale wana ghala lao. Mwaka 1956 msimulizi wao Shé-Kárisi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa shujaa Mwindo, na mwaka 1969 ukatoka kitabuni, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene. Mwindo anazaliwa ameshika mgwisho mkono wa kulia na tezo mkono wa kushoto, mgongoni ana kijifuko chenye kamba ndefu. Vitu vya nyumbani vitupu!

Mgwisho una nguvu kuliko vyote, unafufua hata wafu, lakini hauzuii mshipi wa Muisa, mungu wa kuzimu, kumwangusha Mwindo huko; unamwinua tu akishaanguka. Kilichonishangaza zaidi ni kamba. Kabla ya kushuka kuzimu kumfuata baba yake aliyetorokea huko, anamwachia shangazi yake Iyangura ncha moja: ikitulia, ajue mtoto amekufa. Kamba haipigani na mtu, na bado ndiyo inayombana msikilizaji pumzi. Tangu niielewe, kila kitu ninachotunga nakipa kazi moja tu.

3. Waulize wazee wa jikoni

Koko wangu, mama mzaa mama, alikuwa akichekecha majivu ya kuni yaliyopoa, anayachanganya na maharagwe makavu mpaka yote yawe ya kijivu, ndipo anafunga gunia. Majivu huziba nafasi kati ya punje, fukusi hawapiti; tena humkwangua mdudu ngozi mpaka anakauka.

Nikatunga mfuko wa majivu: ukimwaga mstari, kiumbe chochote kinachotambaa hakivuki, ila yakilowa ni tope tu. Nilidhani wataudharau. Walibishana usiku kucha namna ya kuuvusha mto Luhoho, mpaka binti mmoja akasema jani la mgomba libabuliwe motoni lilainike, lisipasuke likikunjwa, ndilo liwe mfuniko. Mbinu hiyo haikuwa kwenye karatasi yangu. Nilimpa ushindi bila kurusha kete.

4. Sharti liwe na sababu

Zamani niliweka masharti ya ovyo: usicheke, usitazame nyuma. Walicheka makusudi. Siku hizi nafuata muhogo mchungu. Unalowekwa siku tatu au zaidi, maji yanatoa sumu ya sianidi; ukiharakisha kwa sababu ya njaa, na mlo hauna maharagwe wala samaki, miguu inaweza kupooza ghafla na isipone tena. Ugonjwa huo ni konzo, na daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa nchi yetu. Hapo kila mtu mezani anaelewa kwa nini asubiri.

Basi chungu changu cha siku tatu hugeuza sumu kuwa chakula, na anayekifunua mapema hupoteza miguu kwa muda wote wa mchezo. Nilimsomea mke wangu sheria hizo nikijisifu. Akaniuliza maji ya kulowekea yanamwagwa wapi, na nani atayanywa huko chini.