SOMO LA AFYA: WASIWASI USIOKWISHA

Mtu akikutana na nyoka migombani, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humimina katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo hupiga upesi, shinikizo la damu hupanda, misuli hukaza. Nyoka akishatokomea, mwili hurudi katika hali yake. Hofu ya namna hiyo ni kinga ya mwanadamu.

Wasiwasi wa mkulima wa kahawa wa Kashozi ni wa aina nyingine. Mwezi Januari shule hufunguliwa, na kahawa haivunwi mpaka kuanzia Mei. Hapo ndipo huingia mnunuzi wa butura, anunuaye kahawa ingali maua kwa bei ya kutupa, ingawa Serikali imekwisha kuipiga marufuku biashara hiyo. Tangu siku hiyo mkulima hupalilia mali isiyo yake tena, na deni hulala naye kitandani miezi mingi. Katibu naye, ambaye daftari lake halilingani na fedha zilizomo sandukuni, hupatwa na hali ile ile, hata kama hakuchukua senti moja.

Katika wasiwasi wa namna hii tezi zile hazipumziki. Homoni nyingine, kotisoli, huzidi katika damu kwa muda mrefu. Sukari hupanda, usingizi hukatika, na nguvu za kupigana na maradhi hupungua. Dakta Hans Selye, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1936, aliona kwamba tezi hizo zilikuwa kubwa katika panya waliotaabishwa.

Wengi hukimbilia rubisi au konyagi ya kienyeji. Pombe humlaza mtu mapema, kisha humwamsha usiku wa manane, na hupandisha shinikizo la damu. Yafaa zaidi kupunguza chanzo chenyewe: katibu afunge hesabu kila jioni mbele ya mjumbe mmoja wa kamati, naye mwanachama alete shida yake chamani kabla ya kutia sahihi ya butura, si baada yake. Kupumua polepole na kulala saa ile ile husaidia, lakini havilipi deni.

Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, lipimwe zahanati. Na mtu akosaye usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili, au atamkaye kwamba afadhali kufa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe nyumbani akiambiwa amerogwa.