Ile jumla ya mwisho kwenye jedwali lako: ikague kabla ya kuiamini

Umepakua taarifa ya tili yako, ukaifungua kwa Excel na kutengeneza jedwali pivoti la mauzo ya kila siku. Vizuri. Chini kabisa pana mstari ulioandikwa "Grand Total", na macho ya wengi wetu hukimbilia hapo kwanza. Lakini mstari huo haujui biashara yako. Unafuata tu aina ya hesabu iliyochaguliwa, na mara nyingi aliyechagua si wewe, ni programu.

Tuanze na kosa linaloumiza zaidi. Taarifa huwa na safu ya pesa zilizoingia, zilizotoka na salio. Ukiiweka safu ya salio ndani ya jedwali, Excel inaweza kujumlisha masalio yote. Salio la 8,000 asubuhi, 9,500 mchana na 11,000 jioni, chini unasoma 28,500. Pesa hizo haziko popote! Kwenye tili kuna 11,000 tu. Sasa hebu fikiria umeagiza mali kwa kuitegemea ile 28,500. Safu ya salio iache nje kabisa.

Wastani nao una ujanja wake. Wacha tuseme Jumatatu ulilipwa mara 10, wastani shilingi 300. Jumamosi mara 40, wastani shilingi 150. Ukichukua 300 na 150 ukagawa kwa mbili, unapata 225, ilhali Excel hapo chini imeandika 180. Haijakosea. Imerudi kwa malipo yote 50 yaliyoleta 9,000, ikagawa. Kama unataka kujua malipo ya kawaida dukani ni pesa ngapi, shika 180. Ile 225 inaipa Jumatatu iliyopoa uzito sawa na Jumamosi iliyojaa watu.

Kubadilisha hesabu, bofya kulia namba yoyote ya safu hiyo, chagua "Summarize Values By", kisha Sum, Average au Count. Kumbuka safu nzima itabadilika, si mstari wa mwisho peke yake. Ukitaka jumla na wastani pamoja, weka safu ileile mara mbili. Wanaotumia Tableau wana nafuu hapa, kwani huko mstari wa jumla unaweza kupewa hesabu yake. Jina "Grand Total" nalo unaweza kulifuta kwenye seli na kuandika "Jumla ya wiki", hata msaidizi wako wa duka ataelewa.

Na ukiona mauzo ya wiki nzima yamekuwa 50 badala ya 9,000, usishtuke. Pengine kuna seli tupu au namba zilizohifadhiwa kama maandishi, na Excel ikaamua kuhesabu malipo badala ya kujumlisha pesa. Safisha safu hiyo, rudisha Sum, kisha linganisha na jumla ya pesa zilizoingia kwenye taarifa yenyewe.