"Mwalimu, mbona wewe hupigi mswaki?"

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika kijiji kimoja hapa Kongwa. Nimezaliwa Maji ya Chai, Arumeru, na meno yangu ni ya kahawia kama ya wengi wa kwetu. Juzi nilikuwa nafundisha kutunza meno, nikawaambia watoto kwamba anayepiga mswaki kila siku meno yake huwa meupe. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona wewe hupigi mswaki?" Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo nikicheka nafunika mdomo kwa mkono, na somo lile sijalirudia. Mwenzangu mmoja ananishauri nisugue kwa limau na magadi, mwingine kasema nijaribu jiki. Nitawezaje kufundisha habari za meno nikiwa na meno haya?*
*— Mwalimu wa Awali, Kongwa*

Mbukwa, mwalimu.

Unisamehe, nilipofika kwenye swali la huyo mtoto nami nilicheka. Sikukucheka wewe. Nilimfurahia mtoto wa miaka mitano aliyesikiliza somo mpaka mwisho. Umemwambia mswaki huleta weupe. Akakutazama, akapiga hesabu zake, akauliza. Kuna walimu wa darasa la saba wanamtafuta mwanafunzi wa namna hiyo kwa tochi. Kwa hiyo tusimwite mtundu, wala tusiseme hana adabu. Kilichokuangusha ni sentensi yako mwenyewe, mwanangu, kwa sababu haikuwa kweli.

Wewe mtu wa Maji ya Chai habari hii unaijua, ila unaenenda kama usiyeijua. Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru hubeba madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Hapa kwetu kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4, maana vinginevyo vijiji kadhaa visingekuwa na maji ya kunywa kabisa. Ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha kuondoa floraidi, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Floraidi ikizidi hulidhuru jino likiwa bado limo ndani ya fizi, linaumbwa. Linapochomoza, doa lilishaingia zamani. Yaani kabla hujavaa sare ya darasa la kwanza, habari ya rangi ya meno yako ilikuwa imekwisha, na hakuna mswaki uliokuwa na la kusema.

Basi hilo limau liweke kwenye samaki. Asidi yake inakula tabaka gumu la nje la jino. Jiki itakuunguza fizi na koo, na huyo aliyekushauri nakuomba usimwachie zamu ya jikoni. Magadi nayo yana floraidi hiyo hiyo! Kuna watoto hapa nchini wameota meno yenye madoa ingawa maji ya kwao hayana madini mengi, na watafiti wameyanyooshea kidole magadi ya kupikia. Mlenda wa Kigogo bila magadi najua bibi hataula, lakini akina mama unaweza kuwanong'oneza kwamba mtoto mdogo apakuliwe kabla ya magadi kutiwa.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua zaidi ya rangi, nao ni huo mkono mdomoni.

Watoto wa umri ule hawajui kusoma maandishi, ila mwili wa mwalimu wanausoma. Wakikuona kila siku unaficha mdomo, wanajifunza kwamba mdomo wenye kasoro ni wa kufichwa. Kesho mmoja wao gego litatoboka, ataumwa usiku kucha, na hatasema. Atatafunia upande mmoja, uji ataacha nusu, wewe utadhani ana malaria. Mtoto huyo ndiye wa kumfikiria unapoamua kuliruka somo.

Rudi darasani, waambie kweli. Watoto wanaelewa: "Nilipokuwa mdogo maji ya kwetu yalikuwa na madini mengi, yakayatia meno yangu rangi kabla hayajaota. Mswaki napiga asubuhi na usiku. Njooni muone." Kisha fungua mdomo. Wataangalia, watasema "aaa", na baada ya hapo watataka kujua kuna nini cha kula. Kicheko cha watoto hakina kumbukumbu ndefu kama chetu.

Ukishafanya hivyo, badilisha na somo lenyewe. Weupe uutoe. Kuoza kwa jino mara nyingi huanza kwa alama nyeupe, iliyofifia kama chokaa, na shimo jeusi huja baadaye sana. Kwa hiyo mtoto aliyefundishwa kwamba cheupe ni kizima umempoteza njia. Waambie jino zima ni lile lisiloumwa na lisilo na shimo, lenye fizi isiyotoka damu.

Halafu wazungumzie sukari, na usianzie mbali, anzia kwa mama anayeuza getini: ubuyu wa rangi, barafu, pipi za kijiti. Jambo la kuwaambia ni mara ngapi. Vijidudu vya mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi kila mtoto anapoonja, na anayemung'unya ubuyu kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho hayapi meno yake hata dakika ya kupumzika. Afadhali aumalize mara moja, anywe maji, aende kucheza. Tafadhali usiwatishe kwa hadithi ya mdudu mwenye pembe anayechimba meno usiku. Utaitwa na bibi wa mtu kueleza kwa nini mjukuu halali.

Utasema Kongwa hakuna maji ya kupigia mswaki. Mwalimu, wilaya yako ina sifa duniani kwa jambo hilo hilo. Katika utafiti wa vikope, watafiti waliwakuta akina mama wakiamini kuwaosha watoto nyuso kunahitaji maji mengi, kumbe kidogo tu kinatosha nyuso nyingi. Wakakaa na majirani vikao kwa vikao, baba na mama, mpaka wakakubaliana nyuso za watoto zioshwe. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995: vijiji vilivyofuata mpango huo vilikuwa na watoto wachache zaidi wenye vikope vikali. Watoto wenyewe walikuwa wa umri wa mwaka 1 hadi miaka 7, rika la hao wako. Hawakuambiwa wao waende wakajioshe, walikubaliana wazazi.

Mswaki nao ni hivyo hivyo, tena una nafuu. Floraidi kidogo iliyomo kwenye dawa ya meno husaidia jino lililokwisha kuota, na hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akitema povu bila kusukutua. Maji ya kulowesha mswaki tu. Kwa watoto wa darasa lako kipimo ni punje ya njegere, na chini ya miaka mitatu ni punje ya mchele, wasije wakameza wakarudi kwenye hadithi yako ya Meru. Asiye na mswaki wa dukani achongewe kijiti cha mswaki wa mti, kitafunwe ncha mpaka kiwe laini. Ila mkono uwe wa mtu mzima, kwa kuwa mtoto hawezi kujisugua magego vizuri mpaka afike miaka saba au minane. Kwa hiyo mwanafunzi wako halisi ni mama, na shangazi, na kaka mkubwa anayelala naye chumba kimoja.

Wazazi watakuambia, "Si yatang'oka hayo ya utotoni?" Wajibu kwamba karibu na miaka sita gego la kudumu huota nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wengi hulidhani la utotoni, wakaliacha lioze. Likienda limekwenda.

Kama bado unatamani kuyapendezesha meno yako, kamwone daktari wa meno. Yapo mambo ya kitaalamu yanayofanyika, ukijaliwa fedha. Fanya kwa kupenda kwako, usifanye kwa kumkimbia mtoto wa awali.

Na ukienda, mwombe daktari au tabibu wa meno wa wilaya aje siku moja darasani. Akija, kaa kwenye kiti mbele ya watoto, fungua mdomo, ayahesabu meno yako kwa sauti nao wahesabu pamoja naye. Mtaala wako una mambo ya afya na mambo ya hesabu. Utakuwa umeyagusa yote mawili kabla ya uji. Mthibiti ubora akiuliza, sema shangazi ndiye aliyekutuma.