Dondoo muhimu: Mbolea inapounguza mizizi ya mahindi

Kisii na Nyamira, shamba la mahindi hupakana na la majani chai, na hapo ndipo makosa huanzia. Chai hupenda udongo wenye asidi na hustahimili amoniamu nyingi, ile aina ya naitrojeni iliyo kwenye mbolea yake. Mahindi hayawezi. Tafadhali, gunia la mbolea ya chai likibaki, lisiishie kwenye mahindi.

Ng'oa mche mmoja uliodumaa, uoshe, uutazame. Amoniamu ikizidi, mizizi huwa mifupi na minene, ncha zake zikawa kahawia. Mmea hunyonya potasiamu, kalisi na magnesi kidogo, hata kama zimo udongoni. Tena mzizi unaponyonya amoniamu hutoa asidi. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza ncha zilizosalia. Ndiyo maana kuongeza mbolea hakusaidii.

Ukipanda kwa DAP, kifuniko kimoja cha soda kwa shimo kinatosha. Changanya na udongo kwanza, ndipo uweke mbegu. Mbegu isiguse mbolea.

Kwa kukuzia, CAN ni afadhali kuliko yurea: nusu ya naitrojeni yake ni naitreti.

Kinyesi kibichi cha kuku kisiwekwe kwenye mboga kama saga wala managu. Kirundike kioze mpaka harufu ya amonia inayowasha pua iishe.

Pima udongo kabla ya kununua chokaa. Ukiambiwa uitie, itangulize wiki kadhaa kabla ya kupanda. Ikikutana na DAP au yurea, naitrojeni hupotea hewani kama amonia.