Dirisha Lielekee Wapi: Mafunzo Niliyopata Nikijenga Newala

Masasi na Newala ni majirani, lakini nyumba inayomfaa mtu wa Masasi inaweza kumtesa mtu wa Newala. Masasi iko chini, kati ya majabali ya Mkomaindo na Mtandi. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale ardhi inapokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Ukisimama Shimo la Mungu unaiona Msumbiji. Nilikulia mji wa kwanza, nikajenga mji wa pili. Nayaandika haya kwa anayetaka kuchimba msingi msimu huu, maana naumia kuona nyumba mpya, ya tofali nzuri na bati linalong'aa, ambayo ndani yake taa huwashwa saa sita mchana.

1. Anza na jua, nalo halikai upande mmoja.

Miji hii iko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi kuelekea mwisho wa Oktoba, jua la adhuhuri hupita kaskazini mwa nyumba yako. Miezi inayobaki, ile ya joto na mvua, hupita kusini, ila likiwa karibu na utosi.

Hapo ndipo upenu wa paa unapofanya kazi ambayo pazia haliiwezi. Upenu wa sentimita 60 upande wa kusini, adhuhuri ya Desemba, hutia kivuli takribani ukuta mzima. Upenu huohuo upande wa kaskazini, mwezi Juni, hutia kivuli sentimita 90 hivi tu. Chini ya hapo jua linaingia ndani. Na Newala mwezi Juni jua hilo unalihitaji, kwa sababu asubuhi huku ni za sweta. Ndiyo maana sebule na chumba cha watoto nimevipa madirisha mapana ya kaskazini. Mtoto anasoma bila taa hadi jioni, na sakafu yake haina ubaridi ule wa kukaa na soksi.

Mashariki na magharibi upenu hausaidii sana, maana jua la pande hizo huja likiwa chini. Magharibi nimeweka stoo, bafu na choo, vyenye matundu madogo ya juu. Jiko liko mashariki: mwanga unamkuta anayechemsha chai, na wakati wa kupika ugali wa mchana jua limeshaondoka dirishani.

2. Barabara isikupangie vyumba.

Vijiji vyetu vingi vilipangwa miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, nyumba zikifuata mistari ya barabara. Barabara ikikata kutoka kaskazini kwenda kusini, nyumba za upande mmoja zote huangalia magharibi, na wenyewe huhamisha mikeka barazani kila alasiri wakilikimbia jua. Si lazima uvunje mstari. Mlango wa mbele uangalie barabara kama wa jirani, halafu vyumba vya kukaa uvigeuzie uani. Fundi wangu aliposikia kwamba dirisha kubwa kuliko yote litakuwa uani, alisema, "Mwalimu, sasa wapita njia wataona nini?" Nikamjibu, "Fundi, hili ni la wanaokaa ndani."

3. Jabali na ukingo vina tabia zao.

Masasi, mwamba hupokea jua mchana kutwa na kutoa joto usiku. Kiwanja kilicho mashariki mwa jabali hupata kivuli mapema jioni. Kilicho magharibi yake huchomwa mara mbili, na jua la alasiri na mwamba ulio mgongoni. Huko weka madirisha yanayotazamana ili upepo upite chumba kizima, na dari usiibane chini.

Newala ni kinyume. Upepo wa kusi hupanda kutoka bondeni, na asubuhi nyingine ukungu hulala hadi mlangoni. Babu mmoja jirani, nilipomwamkia na kumwonyesha msingi, aliniambia: "Upande huo wa kusini usiache tundu lisilofungika, mjukuu wangu. Ukungu utaingia kama mwenye nyumba." Madirisha ya kusini na mashariki nimeyafanya madogo, ya mbao zinazofungika sawasawa.

4. Mkorosho upendwe, lakini kwa mbali.

Mkorosho hauvui majani yake yote kiangazi, hivyo kivuli chake ni cha mwaka mzima. Wataalamu hushauri mita 12 kati ya mti na mti, na hiyo inakuonyesha upana wa mti mzima. Ukiupanda mita tatu kutoka dirishani, umeliziba. Tena kuna salfa. Kuanzia Juni wakulima hupuliza unga huo alfajiri, majani yakiwa bado na umande, kuzuia ubwiri unga. Chumba cha kulala kinachoelekea shamba kiwe na dirisha la kufungwa alfajiri hizo, na tundu la hewa upande mwingine.

Kuhusu ua wa kuanikia korosho, usihangaike sana. Oktoba hadi Desemba jua liko karibu na utosi, na kivuli cha nyumba ni kifupi mchana.

5. Acha tundu hata kama hela ya dirisha haipo.

Hela ya korosho huja mara moja kwa mwaka, baada ya minada ya stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika kama MAMCU na TANECU. Nyumba nyingi hujengwa hivyo, msimu kwa msimu, na kinachokatwa kwanza ni madirisha, kwa kuwa aluminiamu na grili ni ghali kuliko tofali. Mimi nilimwomba fundi amwage lenta kwa upana wote niliotaka, kisha akaziba chini yake kwa tofali zilizoungwa kwa udongo. Msimu uliofuata tofali zilitolewa bila kupasua ukuta.

6. Paa moja, kazi mbili.

Bati la kupitisha mwanga liweke koridoni, si juu ya kitanda, maana huleta na joto. Kuta za ndani zipake chokaa. Halafu weka gata. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi maji yalivyokuwa mbali na mji, na uwandani maji bado ni shida. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipata milimita 20 hutoa kama lita 2,000, ukiacha zinazomwagika. Fundi alitaka tangi kaskazini, karibu na jiko. Lingeziba dirisha la watoto, kwa hiyo limejengwa magharibi, na sasa linaukinga ukuta wa stoo na jua la alasiri.